Kamera ndogo ya safari kwa mtu wa Mtwara na Lindi: ipi ianze, ipi isubiri

Kipimo changu cha kamera ni mashua ya kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Ukishakata kibali pale Masoko ukapanda, safari yenyewe ni fupi, lakini humo majini kamera inakutana na maadui zake wote kwa pamoja: jua la kupofusha, upepo wa kusi unaovuma moja kwa moja kwenye maiki, chombo kinachoyumba, na rasharasha za maji ya chumvi. Kama kamera inakutia woga hadi unaiacha kwenye begi mpaka mfike ng'ambo, basi umelinunulia begi, hukujinunulia wewe.

Nazungumzia kamera zisizo na kioo cha ndani, zile wauzaji wanaziita mirolesi. Lenzi zake zinabadilishwa, kihisi chake, yaani sehemu inayonasa mwanga, ni kikubwa kuliko cha simu, na bodi inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Nimezipanga nikimfikiria mtu mmoja: ana fedha ya kamera moja tu, anapiga picha na video, anasafiri kwa basi na bodaboda, na kitu kikimharibikia duka la maana liko Kariakoo, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Bei nitakazotaja ni za uzinduzi huko Marekani, bodi tupu bila lenzi, ili uone uwiano tu kati ya kamera moja na nyingine. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, VAT ya asilimia 18 na ushuru vinakusubiri.

Na kabla hujaendelea: kama una simu nzuri lakini huna maiki, funga ukurasa huu ukanunue maiki. Watu wanavumilia picha yenye ukungu kidogo. Sauti ya upepo hawaivumilii hata sekunde tano.

1. Canon EOS R50

Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 680, ina megapikseli 24, na uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 375. Imeshika nafasi ya kwanza kwa jambo ambalo wachambuzi wengi wa nchi za baridi wanalipita haraka: ina kidirisha cha kuchungulia kwa jicho.

Nenda Msimbati saa saba mchana. Mchanga mweupe, jua utosini. Skrini ya kamera yoyote inageuka kioo, unachokiona ni kidevu chako na kofia. Unapiga kwa kubahatisha, ukirudi nyumbani unakuta mawingu yote yameungua na nyuso za watu zimekuwa vivuli. Ukiwa na kidirisha unaweka jicho, unaona picha kama itakavyotoka, unarekebisha mwanga hapohapo. Miongoni mwa kamera nne za bei nafuu kwenye orodha hii, ni hii peke yake yenye kidirisha hicho.

Video yake ya 4K inatumia upana wote wa kihisi, fremu 30 kwa sekunde, na fokasi yake inang'ang'ania jicho la mtu hata akigeuka kidogo. Kwa anayeanza, hilo linaokoa kazi nyingi.

Kasoro zake uzijue mapema. Lenzi inayokuja nayo, ya milimita 18-45 (namba ikiwa ndogo ndivyo lenzi inavyoona pana), ni finyu kwa kujirekodi. Ukinyoosha mkono uongee na watazamaji, uso wako unajaa na Boma la Mikindani nyuma yako linabaki kipande cha ukuta. Hata ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, kule kwenye nguzo zilizobanana chini ya makuba, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado upinde wote hautaingia. Dawa ni lenzi ya RF-S 10-18 yenye gramu 150. Ihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo, usiifanye ndoto ya mwakani.

Kasoro nyingine: haina tundu la hedifoni, betri ni ndogo kwa hiyo nunua mbili, na bodi haina kituliza mtikisiko cha ndani. Halafu hili, ambalo mpiga picha wa harusi asipoambiwa atalia: kiti chake cha flashi ni cha mtindo mpya, flashi za kawaida hazishiki bila kiunganishi cha ziada. Uliza kabla ya kulipa.

2. Sony ZV-E10

Kama kazi yako ni kuongea mbele ya kamera kuliko kupiga picha, mpandishe huyu awe wa kwanza. Ni ya mwaka 2021, dola 700, gramu 343, na imeundwa kwa ajili ya watu wa video tangu kwenye michoro. Inakuja na kile kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo kwenye maiki yake ya ndani. Kuanzia Aprili hadi Septemba, kusi inapovuma hadi minazi ya Mikindani inainama, hayo manyoya yana thamani kuliko megapikseli. Tundu la hedifoni lipo, kwa hiyo unasikia ulichorekodi kabla hujamruhusu mzee uliyemhoji aende zake.

Ina hali maalumu ya kuonyesha bidhaa: ukiinua kitu karibu na lenzi, fokasi inahama usoni kwako inakwenda kwenye kile kitu, ukikishusha inarudi. Kwa anayeuza vinyago vya Kimakonde au korosho zilizobanguliwa mtandaoni, hiyo ni nusu ya kazi. Unainua kinyago cha mpingo, michirizi ya patasi inaonekana yote, unakishusha unaendelea kutaja bei.

Lenzi za kampuni nyingine ziko tele kwa mfumo huu, na zilizotumika zinapatikana kwa urahisi kuliko za mifumo mingine. Lenzi yake ya kuanzia, 16-50, ni pana zaidi ya ile ya Canon unapojirekodi.

Kwa nini si ya kwanza? Jua lile lile, haina kidirisha. Pia kihisi chake kinasoma picha taratibu. Ukirekodi kupitia dirisha la basi likiwa kasi, mikorosho ya kando ya barabara inalala upande mmoja kama imelewa, na hakuna programu itakayoisimamisha vizuri. Rekodi mkiwa mmesimama Nangurukuru mnakula, si mkiwa mwendo. Betri yake ni ya kizazi cha zamani na inakwisha upesi. Toleo la pili, ZV-E10 II la mwaka 2024, limepewa betri kubwa kweli kweli na 4K ya fremu 60, lakini bei ilipanda hadi karibu dola 1,000 na shata ya kimekanika, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, ikaondolewa. Kwa mtu wa video tupu hiyo si hasara. Kwa mtu anayepiga picha za ngoma zenye miguu inayokwenda mbio, ni hasara: miguu inaweza kupinda kama ile mikorosho.

3. Nikon Z30

Mwaka 2022, dola 710, megapikseli 21 hivi. Mkono unaishika vizuri kuliko zote tatu za bei hii, hata viganja vikiwa na jasho. Kwenye ubora wa Full HD inaweza kurekodi mfululizo hadi dakika 125, ilhali R50 inakata baada ya saa moja. Ukirekodi mihadhara, harusi au maulidi, hilo litakufanya uisamehe mengine. Mengine yenyewe: haina kidirisha, haina tundu la hedifoni, na lenzi nyepesi za bei ya kawaida zilizotengenezwa kwa mfumo wake ni chache kuliko za Sony. Ni kamera ya haki kabisa. Ukiipata kwa bei nzuri ikiwa na lenzi yake ya 16-50, usisite.

4. Fujifilm X-M5

Ya mwaka 2024, dola 800, nzuri kuitazama. Juu ina gurudumu la kuchagua rangi za filamu za zamani, na asiyependa kukaa usiku anahariri rangi kwenye kompyuta ataipenda. Inarekodi pia kwa kihisi chote, upana na urefu, ili kipande kimoja ukikate cha wima na cha mlalo. Lakini haina kidirisha wala kituliza mtikisiko, na kwa bei hiyo naona unalipia sura kidogo.

5. OM System OM-5

Hapa najua kuna watakaonipinga. Hii ndiyo kamera pekee kwenye orodha iliyofanyiwa kazi ya kuzuia vumbi na matone ya maji, kiwango cha IP53. Ina kituliza mtikisiko ndani ya bodi, ina kidirisha, ina gramu 414 tu. Kwenye ile mashua yangu ya Kilwa haina mpinzani. Sasa kwa nini iwe ya mwisho?

Kwanza bei: ilianza dola 1,200 mwaka 2022, na ulinzi wake unakamilika tu ukiifungia lenzi iliyozibwa vilevile, kama 12-45 f/4, ambayo nayo si ya bure. Pili kihisi chake ni kidogo kuliko vya hao wanne, na mwanga ukipungua kinaleta chengachenga kwenye picha. Ngoma zetu nyingi zinakolea jua likizama. Mapiko, mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago, anapoingia uwanjani vumbi limetimka, taa ni balbu moja ya mwenye nyumba, hapo utatamani kihisi kikubwa na lenzi ya f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Tatu, toleo hili bado linachaji kwa tundu la zamani la micro-USB. La pili, la mwaka 2025, ndilo lililowekewa USB-C.

Lakini kama riziki yako iko baharini, unapeleka wageni kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi au unarekodi wavuvi, ipindue orodha yangu juu chini.

Kuna anayeuliza kuhusu DJI Osmo Pocket 3. Si mirolesi, lenzi haibadiliki, na kwa picha za kawaida sikushauri. Kwa video ya kutembea inatulia kuliko zote tano, na mfukoni ina gramu 179 tu. Tahadhari yangu ni mchanga: kichwa chake kinaendeshwa na mota ndogo, na mchanga na mota havikai nyumba moja.

Ukinunua iliyotumika

Kamera yangu ya pili niliinunua hivyo, kwa muuzaji niliyempata kwa simu, ikaletwa na basi hadi stendi ya Mtwara. Boksi safi, bodi safi. Nilipoiwasha menyu yote ilikuwa ya Kijapani. Nikatafuta mahali pa kubadilisha lugha usiku kucha, hapakuwapo. Baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zinakuja na lugha hiyo moja tu. Nilikariri vitufe kwa alama kama mtoto wa chekechea, na kuiuza ilikuwa kazi. Siku hizi namwomba muuzaji anirekodie video akifungua ukurasa wa lugha, ndipo nitume hela.

Mambo mengine ya kukagua ni machache. Piga picha ya anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, ukiona madoa meusi kihisi kina uchafu. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu haitabaki ndogo. Ukitajiwa Canon M50 kwa bei ya kutupa, jua kwamba lenzi za mfumo wake hazitengenezwi tena na Canon, na kwenye 4K inakata picha sana na fokasi yake nzuri inazimika.

Fedha iliyobaki

Iliyobaki usiimalizie kwenye bodi ya juu zaidi. Maiki isiyo na waya yenye manyoya, betri ya pili, kadi mbili, na pawabenki yenye PD (kuchaji kwa kasi kupitia USB-C) ili uchaji ndani ya basi. Baada ya hapo lenzi moja angavu. Kwa Sony, Fujifilm na Canon ipo Sigma 18-50 f/2.8, ndogo, ya kufanya karibu kila kitu.

Kwenye mchanga mweupe kamera inadhani kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na sura nyeusi za watu wetu zinakuwa masizi. Ongeza mwanga kwa hatua moja mwenyewe, angalia uso, achana na anga. Na si kila ngoma ni ya kurekodi. Kama kuna unyago, kamera inabaki kwenye begi hata kama mlangoni hajakukataza mtu.

Ukitoka baharini, usibadilishe lenzi mpaka ufike ndani. Futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi ya kunywa, kisha kikavu, maana chumvi ukiifuta ikiwa kavu inakwaruza. Usiku ilaze ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukivaa viatu vya mtumba kama mimi, waombe wenye maduka ya viatu vipya, wanavitupa.