TAHADHARI: Printa "mpya" ikija na wino tayari kwenye matangi, iache hapo hapo dukani

Jamani, tumepigwa. Printa ya dada, ile ya kadi na mitihani ambayo wengi mlikuwa mnaisubiri ianze kazi, ni gofu. Imeoshwa, ikarudishwa kwenye boksi, ikauzwa shilingi 420,000 kama mpya. Na waliosimama pale wakitazama ni dada mwenyewe na fundi wake, yaani mimi, mikono mfukoni. Wa kucheka acheke, lakini asome hadi chini, maana jamaa bado anauza na page yake leo asubuhi imepandisha picha nyingine.

Ni Epson L3210, ile ya matangi manne ya wino, inachapa, inaskani na kutoa kopi, ya waya wa USB tu. Printa yenyewe ni nzuri kwa kazi ya nyumbani na kampuni haina kosa lolote hapa. Kosa ni la mtu mmoja mwenye fremu ghorofani Kariakoo, mdomo mtamu, kalamu sikioni.

Hebu niwape alivyofanya, hatua kwa hatua. Boksi alilishusha juu kabisa ya rafu, safi, halina kona iliyobonyea. Selotepu imenyooka. Akaikata kwa wembe mbele yetu, taratibu, kama mtu anayejua anatazamwa. Ndani maboya meupe, nailoni, waya wa umeme umefungwa kwa kamba yake, kitabu cha maelekezo hakijafunuliwa. Akaiweka mezani. Matangi yana wino, yote manne, karibu nusu. Dada akauliza mbona ina wino. Jamaa hakupepesa hata jicho: "Dada yangu, sisi tunazijaza na kuzitest hapa hapa. Wateja wakijaza wenyewe nyumbani wanachanganya rangi, wanaharibu, halafu lawama kwetu. Wewe ukifika unachomeka tu, unaanza kula hela."

Boksi limekatwa selotepu sasa hivi, mbele ya macho yetu. Huyo aliyejaza wino aliingilia wapi? Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Pale hakuna aliyeuliza. Selotepu ya uwazi inauzwa kila kona, na boksi zuri ni la mteja mwingine aliyeliacha dukani kwa sababu alipanda daladala.

Kisha akafanya jaribio. Akalaza kadi ya harusi yenye maua kwenye kioo, akabonyeza kopi ya rangi. Ikatoka inang'aa, nyekundu nyekundu, bluu bluu. Akarudia. Dada akatabasamu, hela ikatoka. Sasa sikilizeni kwa nini jaribio hilo ni changa la macho. Hedi ya L3210, yaani kile kichwa kinachotoa wino kwenye karatasi, ina matundu 180 ya wino mweusi na matundu 59 kwa kila rangi, bluu, pinki na njano. Kwenye picha iliyojaa rangi hedi inapita zaidi ya mara moja juu ya sehemu ile ile, tundu la jirani linaziba pengo la lililokufa. Matundu kadhaa ya bluu yakiwa yamekufa, ua halisemi kitu. Halafu hedi iliyosukumiwa maji ya kusafishia muda mfupi kabla mteja hajafika itachapa vizuri kurasa mbili tatu, hiyo ndiyo kazi ya yale maji. Hewa iliyobaki kwenye mirija inasubiri. Ukilaza printa usiku mmoja, wino unarudi nyuma, asubuhi una mistari.

Kwa nini tulimwamini? Kwa sababu bei haikuwa ya kutisha. Angesema laki mbili tungeondoka. Alishuka kidogo tu chini ya maduka ya jirani, akaongeza chupa nne za wino za "ofa". Alikuwa na fremu, si mtu wa kukutana naye kituoni. Alikuwa na wateja wengine pale, mmoja akimshukuru kwa sauti (leo nawaza huyo mteja naye ni nani). Na alizungumza kama mtu wa kazi. Alimwambia dada asichanganye aina za wino, azime printa kwa kitufe chake na si kwa swichi ya ukutani, achape japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ili hedi isikauke. Yote ni kweli! Hakuna neno moja pale la kupinga. Tapeli mjinga anadanganya kila kitu. Huyu alisema kweli tisa ili uongo wa kumi upite.

Risiti ni ya kitabu cha mkono. Imeandikwa "Printa 1, TZS 420,000", basi. Haina modeli, haina namba ya mashine, haina TIN. Muhuri wa waranti ya mwaka mmoja upo, na chini yake kwa herufi ndogo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Yote mawili kwenye karatasi moja.

Nyumbani ukurasa wa kwanza ulikuwa safi. Siku ya pili mitihani ya tuisheni ikatoka na mistari myeupe katikati ya maandishi, kadi zikageuka za pinki. Nikachapa karatasi ya kupima hedi, ile mafundi wanaita nozo cheki. Bluu ilikuwa nusu yake haipo, nyeusi ina mapengo kama ngazi iliyovunjika. Utaratibu wa kitabu ni huu: safisha hedi na pima, hadi mara tatu, ikigoma iache angalau saa 12 bila kuchapa, kisha pima na safisha tena. Ikigoma bado, kuna usafishaji wa nguvu kwenye menyu ya kompyuta, ambao unataka kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja, na ukishaufanya usirudie kabla ya saa 12 kupita. Nyeusi ikarudi. Bluu haikurudi. Ila wino ukatokea mahali pengine: chini ya printa, kwenye kitambaa cha meza ya dada.

Hapo ndipo uchafu wote ulipojulikana. Kila hedi inaposafishwa, wino unaofyonzwa haupotei, unamwagwa kwenye sponji lililo ndani. Printa haipimi sponji kama limelowa. Inahesabu tu: nimesafisha kiasi hiki, nimemwaga kiasi hiki. Hesabu ikifika mwisho, taa ya wino na taa ya karatasi zinawaka kwa kupokezana na mashine inagoma. Dawa halali ni kubadilisha sponji na kurudisha hesabu sifuri. Jamaa alifanya la pili tu. Programu za kurudisha hesabu zinapatikana kwa kila fundi wa mtaani, ni kazi ya dakika chache, na printa inaamka ikidhani ina sponji jipya. Sponji lenyewe, ukifungua kava dogo la nyuma, lilikuwa jeusi tii, limevimba, linadondosha. Usafishaji wa nguvu mmoja ukawa tone la mwisho. Bahati ulimwagikia kitambaa na haukufika kwenye saketi ya umeme.

Tukampigia. Akapokea mara moja, mpole: "Mmezimia ukutani nyie. Nilimwambia dada." Mnaona alivyojipanga? Ule ushauri wa dukani haukuwa wema, ilikuwa kinga yake ya baadaye. Na kitaalamu haisimami. Ni kweli ukikata umeme ukutani hedi inaweza kubaki nje ya kofia yake ya mpira iliyo upande wa kulia, ikakauka. Lakini hedi isiyo na tatizo haipotezi nusu ya bluu kwa usiku mmoja, na hakuna swichi ya ukutani duniani inayojaza sponji la wino taka. Nilipomtajia sponji akakata. Sasa namba yangu kaiblock, ya dada kaiblock.

Na karatasi ile ile ya kupima hedi ilikuwa inatuambia kila kitu tangu mwanzo. L3210 inachapa humo humo jumla ya karatasi zilizopita ndani ya mashine tangu izaliwe. Yetu "mpya" ilikuwa na 27,418. Elfu ishirini na saba! Hiyo ni steshenari ya chuo, si boksi.

Mtu huyu asiachwe. Afungiwe fremu, arudishe hela za wote, akae ndani. Huu si ubishi wa biashara wala "mteja hakuelewana na muuzaji", ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na polisi wanalijua kosa hilo kwa jina. Dada anachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Tume ya Ushindani nayo kazi yake ni pamoja na kushughulikia wanaodanganya walaji na kuuza bidhaa bandia, na zile chupa nne za ofa tunazipeleka huko huko. Hizo nazo ni maigizo. Chupa halisi ya wino wa 103, ule wa printa hii, ni ya mililita 65. Hizi zina ujazo usiolingana, moja ina wino ulioganda chini ya kifuniko, na lebo ya pinki inachubuka kwa kucha. Ukishaweka wino wa aina hiyo hujui ni nini umeweka. Wino wa maji na wino wa chembechembe vikikutana kwenye mirija vinaweza kuganda kama uji, na hedi ndiyo kipuri ghali kuliko vyote kwenye mashine hii. Mtu anakuuzia gofu, kisha anakupa sumu ya kulimalizia, bure. Apigwe faini mpaka auze na hiyo rafu.

Wanaouliza watajuaje, haya haraka haraka. Printa mpya ya matangi inakuja kavu. Matangi makavu, mirija ukiinua skana inaonekana mitupu, chupa za wino zimefungwa pembeni. Alama ndogo ndogo za wino karibu na hedi zinaweza kuwa za majaribio ya kiwandani, hizo zisikutishe. Ila tangi lenye mstari wa wino uliokauka ukutani, au kofia ya hedi iliyoganda rangi zote, hapana. Ukiijaza mara ya kwanza mashine inavuta wino kwa dakika kadhaa. Muuzaji anayesema "hiyo hatua nimeshakufanyia" amekunyima ushahidi wako wa kwanza.

Ikishajazwa wino mbele yako, mwambie achape nozo cheki, asikutolee kopi ya maua. Kwenye L3110 na L3210: weka karatasi ya A4, zima printa, shikilia kitufe cha kusitisha huku unawasha, achia taa ya umeme ikianza kumeta. Soma mistari, soma na idadi ya karatasi. Idadi ikiwa kurasa chache za majaribio sawa. Ikiwa maelfu, geuka. Akikataa kuichapa, geuka vile vile.

Namba ya mashine nyuma ya printa ilingane na ya boksi. Yetu hailingani, tumeliona hilo baada ya hela kwenda. Vipira vya kuvutia karatasi viguse kwa kidole, vikiwa laini vinateleza vimeshafanya kazi ya mtu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uihakiki kwenye tovuti ya TRA ukiwa bado umesimama dukani, iandikwe modeli na namba ya mashine. Mengine mtaniuliza kwenye komenti, mikono inatetemeka kwa hasira.

Ukitaka used nunua used, si dhambi, lakini kwa bei ya used na sponji jipya mbele ya macho yako. Hasira yangu si kwamba imetumika. Ni ule wembe. Kukata selotepu taratibu vile, mbele ya mtu ambaye hela yake ni mkopo wa kikoba.

Aliyenunua kwa huyu jamaa na bado hajachapa nozo cheki, achape leo na atutumie picha ya karatasi pamoja na risiti. Tukiwa wengi kesi inakuwa nzito. Jina la page na namba za simu sitaziweka hapa hadharani kabla ya RB kutoka, nitafuteni inbox. Na kama kuna anayejua mwenye jengo ni nani, huyo namtaka kuliko wote, kwa sababu majirani wanasema jamaa ameanza kushusha rafu.