Uzamili wa sayansi ya kompyuta nikiwa Kisumu: masomo sawa, mtihani wao hapana

Nimekasirika, na nusu ya haya ninayoyaandika ni hasira. Chuo sikitaji jina. Ni cha Marekani, kimojawapo cha vile vilivyofuata nyayo za Georgia Tech, walioanzisha uzamili wao wa mtandaoni Januari 2014. Ada na orodha ya kozi utajisomea kwenye tovuti. Mimi nina neno na dakika 11 tu.

Mtihani wa mwisho wa kozi ya algorithimu, jioni, mvua ya ziwani inapiga mabati. Stima ikapotea. Laptopu haikuzimika kwa sababu ina betri. Kilichozimika ni rauta na kile kisanduku cha faiba ukutani. Programu ya usimamizi, ile inayokutazama kwa kamera mtihani mzima, ikafunga ukurasa palepale. Saa ya mtihani haikusimama. Nilipojiunga upya kupitia simu, anwani ya mtandao ilikuwa imebadilika, mfumo ukanichukua kama mtu mgeni. Onyesha kitambulisho. Zungusha kamera kuta zote nne. Inamisha laptopu tuone chini ya meza. Dakika 11 zikayeyuka hivyo, kisha simu iliyokuwa mezani ikaandikwa kuwa kosa, na ndiyo iliyokuwa ikinipa intaneti!

Hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni dawati lao la msaada. Nikaeleza kwamba mtaa mzima uko gizani. Nikajibiwa kwamba kutafuta mazingira yafaayo ni jukumu la mwanafunzi. Nikaeleza tena, kwa upole. Jibu: "Basi nenda mahali penye umeme." Pole hakuna. Huku kwetu hata anayekukanyaga kwenye matatu husema pole kabla hajaondoa mguu. Na tangazo lao limeandikwa kwa herufi kubwa: soma popote ulipo.

Kwa hiyo anayefikiria kujiunga akiwa huku magharibi, sikiliza. Tafuta betri ndogo ya rauta, lakini kabla hujalipa geuza adapta usome volti na ampea. Nyingi ni volti 12, ila ampea hutofautiana, na betri ya ampea 1 ikibebeshwa rauta ya ampea 2 itazimazima au haitawasha kabisa. Kama kisanduku cha faiba na rauta ni vitu viwili, vyote viwili vinahitaji moto; watu huwasha rauta peke yake kisha wanashangaa taa zinawaka na intaneti hakuna. Ukikaa kwenye ploti ya ghorofa, ulizia swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachogawia nyumba zote intaneti, iko wapi. Mara nyingi iko kwenye ngazi na inakula stima ya jengo, hivyo betri yako haitasaidia lolote jengo likizima.

Njia niliyoiona inashika ni kuanza mtihani moja kwa moja kwenye maifai, kirauta cha mfukoni chenye laini na betri yake chenyewe, wala si kuikimbilia baadaye. Ukianza nayo, stima ikienda hakuna anwani inayobadilika. Simu iache chumba kingine. Jaza bando siku hiyohiyo na uangalie lisiwe lile linalokufa usiku wa manane. Fanya mtihani wa majaribio siku mbili kabla, kwenye meza ileile na taa ileile. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri na jioni, kwa hiyo chagua asubuhi, muda waliotenga wa mtihani ukikuruhusu. Na giza likiingia, piga picha ya skrini yenye saa kabla hujagusa chochote, ndipo uandike barua pepe.

Muda wa kuwasilisha kazi nao una mtego. Wakiandika 11:59 usiku kwa saa za pwani yao ya mashariki, kwetu ni saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi inayofuata. Kuanzia Novemba hadi Machi inakuwa saa moja na dakika 59, maana wao hubadilisha saa, sisi hatubadilishi.

Masomo yenyewe? Hapo ulimi unalegea. Mihadhara imepangwa vizuri kuliko darasa lolote nililokalia, kazi za programu zinasahihishwa na mashine ndani ya dakika chache, unarekebisha na kutuma tena mpaka uelewe ulipokosea. Nilianza kuandika nikitaka kusema msijiunge. Sasa siwezi kusema hivyo kwa dhati. Kozi moja kwa muhula, saa 15 hadi 20 kwa wiki, mtu mwenye kazi anaimudu.

Lakini nikikumbuka lile jibu, damu inachemka upya. Alama ilishuka chini ya B, na kozi ya msingi bila B haihesabiwi, kwa hiyo ni kuilipia nzima tena, kwa dola. Rufaa imekaa kwao wiki kadhaa sasa. Nyota mbili, na zote mbili ni za walimu. Wakinirudishia zile dakika 11 nitaongeza ya tatu. Ya nne ni mpaka mtu wa lile dawati aseme pole.