TAHADHARI: Tapeli wa ala ya bastola "ya Mjerumani" hapa Tanga

Jamani, nimepigwa. Laki sita na nusu taslimu kwa ala, yaani mfuko wa ngozi wa kuwekea bastola, tena nilizihesabu mwenyewe noti moja moja juu ya kiti cha plastiki, barazani kwake Ngamiani.

Mzee wa miaka kama 60, kanzu imenyooshwa. Akaniagizia kahawa na kashata, akaniita mwanangu. Ala hakuitoa haraka. Alianza na babu yake, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu vita vya kwanza vya dunia: Novemba 1914, Waingereza wanashusha wanajeshi wa Kihindi, nyuki wanawavamia. Ndipo akaingia ndani, akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye khanga kuukuu. Ngozi nyeusi iliyopauka, kifungo kina kutu, nyuma mhuri wa tai na maandishi P.38. Nikauliza, haya maandishi ni nini? "Kikosi cha babu hicho." Mikono ilinitetemeka. Niliogopa asije akaghairi, hata bei sikuomba apunguze.

Mtaniuliza nilimwamini vipi. Habari za vita alizisema sawasawa! Na wajukuu wanapita wananiamkia shikamoo, hapo utamdhania mwizi?

Usiku nikamtumia picha jamaa yetu wa Dar. Akanipigia papo hapo. P.38 ni bastola ya kiwanda cha Walther, jeshi la Ujerumani liliipokea 1938. Tanga Mjerumani alishatolewa 1916! Bastola ya Luger ya jeshi enzi zile ni P.08, na mihuri ya ukaguzi ya enzi za Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ina taji. Tai wangu ameshika swastika, alama ya Hitler, nami nilikuwa naitazama hivi hivi. Wala si ya 1938: nimeipitisha kitambaa kibichi, rangi ya viatu ikatoka yote, na uzi ni nailoni.

Asubuhi nimerudi, mlango una kufuli. Majirani wanasema alipanga mwezi mmoja tu. Wale watoto sijui wa nani.

Akamatwe huyu! Alale ndani, arudishe pesa za watu hadi senti ya mwisho, kuchezea jina la babu za watu namna ile! Sina huruma naye hata kidogo.

Alininong'oneza pia kwamba bastola yenyewe ipo, milioni mbili. Msiende. Silaha bila kibali ni jela, na atakayefungwa ni wewe mnunuzi. Aliyeuziwa chochote naye aniandikie leo, kesho saa mbili asubuhi naenda polisi.