PS5 au Xbox Series S kwa Nyumba ya Dodoma: Angalia Kwanza Tundu la CD

Mtu akitangaza kwamba anataka kununua mashine mpya ya gemu, vijana humuuliza kwanza ipi yenye nguvu zaidi. Swali hilo lilianza kuzunguka nyumbani kwetu Nkuhungu tangu jioni niliyosema kwamba PS3 yetu haitapelekwa tena kwa fundi. Mwanangu wa darasa la saba alitaka PS5, wala hakuwa na hoja nyingine zaidi ya kwamba ndiyo inayozungumzwa shuleni. Mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma na ambaye hatukosi kumwona mezani kila Jumapili, alishika upande wa Xbox Series S kwa sababu ya bei, na hatimaye akajinunulia yake. Kwa muda wa miezi minane mashine hizo mbili zimekuwa zikikutana katika sebule moja, mbele ya TV moja, na nimefikia uamuzi kwamba katika mazingira yetu nguvu ya mashine ni jambo la tatu au la nne. La kwanza ni njia ambayo gemu itapita hadi kuingia ndani ya nyumba.

Nianze na hiyo nguvu ili tuimalize mapema. Mashine hizi ni za rika moja: Xbox Series X na Series S zilitoka tarehe 10 Novemba 2020, na PS5 ikaanza kuuzwa Marekani na Japani siku mbili baadaye. Kwa hesabu za watengenezaji wenyewe, Series X, kaka mkubwa wa Series S, ina teraflopu 12 (kipimo cha kasi ya kukokotoa picha), PS5 ina 10.28, na Series S ina 4 tu. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni kubwa, lakini Series S haikutengenezwa kwa ajili ya picha ya 4K, na TV yetu ni ya inchi 43 ya Full HD, ambayo iko chini ya 4K, kama zilivyo TV nyingi ninazoziona kwa majirani. Nilipocheza mpira kwenye mashine zote mbili usiku mmoja, niliona kwamba nyasi na nyuso za wachezaji ni safi zaidi kwenye PS5, lakini ilinibidi nisogee hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo ndipo nilione hilo. Mtoto aliyeketi kwenye kochi hakuliona kabisa.

Tundu la CD ndilo lililotufundisha zaidi. Series S haina tundu hilo, na gemu zake zote hupakuliwa kwa intaneti. PS5 huuzwa kwa sura mbili, yenye tundu na isiyo nalo, na kwa mtu asiyezizoea sura hizo hufanana kama mapacha. Katika duka moja la mjini kijana wa mauzo alinitolea boksi na kuniambia, "Mheshimiwa, hii ni ileile, ila bei yake ni ya kirafiki." (Dodoma kila mwenye shati lililopigwa pasi ni mheshimiwa, sijawahi kuingia bungeni hata kama mgeni.) Nilimwomba aifungue, nikapitisha kidole kwenye ukingo mweupe wa mashine kutoka juu hadi chini, na kidole hakikukuta ufa wowote. "Ndugu yangu, CD inaingilia wapi?" Akanijibu kwamba siku hizi hakuna anayetumia CD. Nilimshukuru nikaondoka, na wiki mbili baadaye nikanunua PS5 ya toleo la kwanza, yenye tundu, kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahamishwa kikazi. Ni mtumba kwa maana ya kawaida ya neno hilo, ingawa mauziano yalifanyika kwenye maegesho ya ofisi huko Mtumba, Mji wa Serikali.

Kauli ya yule kijana inaweza kuwa kweli mahali pengine. Hapa kwetu, gemu kubwa za kizazi hiki mara nyingi huzidi GB 50, na zipo zinazovuka GB 100. Asiye na faiba nyumbani hutegemea bando la simu, na mimi mwenyewe nililipa ada ya ujinga mwezi wa kwanza: niliwasha hotspot ya simu yangu nikidhani bando la mwezi litatosha kupakua gemu moja, kisha nikaenda kulala. Alfajiri bando lilikuwa limekwisha na gemu haijafika nusu. Zaidi ya hapo kuna suala la akaunti. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na duka la mtandaoni la PlayStation, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya Marekani au ya Uingereza na kununua kadi za zawadi zenye namba za siri, ambazo lazima ziwe za nchi ileile ya akaunti. Njia hiyo hutumika kila siku, lakini ni ya kuzunguka, inategemea uaminifu wa anayekuuzia namba, na ukikosea nchi ya kadi umebaki na namba isiyo na kazi.

CD haina mzunguko huo. Mwanangu alianza na gemu mbili tu, na kufikia mwezi wa tatu alikuwa amecheza tisa, kwa sababu watoto wa mtaa huu wana utaratibu wao wa kuazimana ambao ni mkali kuliko wa maktaba: unatoa moja, unachukua moja, na mwenye kukwaruza analipa. PS5 pia hucheza karibu gemu zote za PS4, hivyo CD za zamani zilizojaa mitaani hazijafa. Kijana mwenye banda la gemu nyuma yetu, ambaye bado anaendesha PS4 na anatoza kwa mechi, hutuuzia zile alizozichoka. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haiazimiki. Hufungwa kwenye akaunti yako, na siku ukiichoka unabaki nayo.

Hata hivyo nisiipambe CD kupita kiasi. Ukiitumbukiza, gemu hunakiliwa kwanza kwenye hifadhi ya ndani, na CD lazima ibaki tunduni kila unapocheza. Masasisho bado yatadai bando. Hifadhi yenyewe si kubwa: PS5 ya kwanza imeandikwa GB 825 lakini nafasi inayobaki kwa mtumiaji ni GB 667, na Series S ya GB 512 hubakiza GB 364, ambayo kwa gemu za leo ni tano au sita hivi. Ukitaka kuongeza, PS5 inapokea SSD ya kawaida ya M.2, yaani kipande cha hifadhi kama cha kompyuta, yenye kasi inayotakiwa, wakati Xbox inadai kadi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na anayefikiria PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, ambayo sehemu yake ya CD huweza kununuliwa peke yake na kupachikwa baadaye, ajue kwamba sehemu hiyo huhitaji intaneti mara ya kwanza ili itambuliwe na mashine.

Mpwa wangu atanilaumu nisipoitendea haki Series S. Ni mashine ndogo yenye uzito usiofikia kilo mbili. Huibeba kwenye begi la mgongoni pamoja na daftari zake kutoka chuoni hadi kwetu, jambo ambalo siwezi kulifanya na PS5 yangu ya kilo nne na nusu. Kabati letu la TV, lililochongwa na seremala kwa vipimo vya deki ya zamani, liliipokea Series S bila shida, lakini PS5 ilibidi tuilaze na kuiacha ichungulie nje kama mguu wa mtu aliyelala kitanda kifupi. Mtu mwenye faiba isiyo na kikomo, asiye na kawaida ya kuazimana, na anayependa kulipia huduma ya mwezi ya Game Pass ili ajaribu gemu nyingi, atanufaika na Series S kuliko mimi. Awe tu na habari kwamba Xbox hii huhitaji intaneti hata kuwashwa kwa mara ya kwanza, na kwamba ada ya daraja la juu la huduma hiyo ilipandishwa Oktoba 2025 hadi dola 29.99 kwa mwezi huko Marekani.

Kwenye umeme Xbox ndogo inashinda waziwazi. Ikiwa kazini hutumia takriban wati 70 hadi 80, wakati PS5 hukaribia wati 200, maana yake ni kwamba saa tano za mpira kwenye PS5 hula uniti moja nzima ya Luku kabla hujaihesabu TV. Kuna tofauti nyingine ambayo sikuijua mpaka Luku ilipokata usiku. PS5 ikilazwa katika hali ya kupumzika huku gemu ikiwa wazi, umeme ukikatika pale ulipoachia hapapo tena, kwa sababu gemu ilikuwa imeshikiliwa kwenye kumbukumbu ya muda. Xbox huiandika hali ya gemu kwenye hifadhi yake, na hata ukichomoa waya ukaja kuurudisha kesho unaendelea ulipoishia. Siku hizi naizima PS5 kabisa kila usiku, na zote mbili tumeziunganisha kwenye kifaa kinacholinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Vumbi ni suala la Dodoma hasa. Kuanzia Agosti upepo huleta udongo mwekundu unaopenya hata dirisha lililofungwa, na mashine yoyote yenye feni huuvuta. PS5 ya toleo la kwanza ina vifuniko vya pembeni vinavyofunguka kwa mkono bila bisibisi, na chini yake kuna matundu mawili yaliyowekwa makusudi ili vumbi likusanyike humo. Nilipovifungua baada ya msimu mmoja, nilikuta kitu kama unga wa ulezi umejaa nusu ya tundu. Nikaufyonza kwa mashine ya kufyonzea vumbi, nikarudisha vifuniko, na kazi yote haikuchukua dakika kumi. Series S haifunguki kirahisi hivyo, na mpwa wangu huishia kupitisha brashi ya rangi juu ya matundu yake ya hewa.

Nintendo Switch 2, mashine ya gemu ya kushika mkononi iliyotoka Juni 2025, niliishika kwa siku mbili tu nyumbani kwa shemeji. Ina kioo chake na betri, kwa hiyo mtoto huendelea kucheza umeme ukikatika, na hiyo si sifa ndogo. Lakini baadhi ya kadi zake za gemu huwa na ufunguo tu, na gemu yenyewe lazima uipakue, yaani umenunua kadi na bando bado linakudai.

Msingoje bei zishuke kama zilivyozoea kushuka zamani. Mwaka 2025 Sony, wenye PS5, na Microsoft, wenye Xbox, zote zilipandisha bei Marekani: PS5 yenye tundu iliyoanza kwa dola 499 ilifika 549.99 mwaka huo, na Series S iliyoanza kwa dola 299 ilifika 399.99, kabla mzigo haujapita bandarini wala Kariakoo. Hesabuni na padi ya pili, kwa sababu padi za PS4 hazichezi gemu za PS5, wakati Series S inapokea padi za Xbox One bila maneno. Mwenye PS4 nzima na anayecheza mpira tu hana haraka yoyote, maana hata EA Sports FC 26 imetolewa kwa PS4.

Kwetu PS5 inabaki kabatini, mguu nje. CD ya mpira iko kwa jirani tangu Jumanne, na mwanangu ameshaanza kumwuliza mama yake kama ile ya kwetu ilikuwa na mkwaruzo ilipotoka.