Programu ya hali ya hewa: nyota mbili, tena za huruma

Programu hii ya bure nimekaa nayo miezi minne, simu ikining'inia kwenye nguzo ya banda langu la samaki hapa Kilwa Masoko. Sura nzuri, bando haili. Shida ni king'ora chake. Mara tatu kimelia "dhoruba kali", mabaharia wangu wakavuta mashua nchi kavu, barafu niliyokwisha kununua ikayeyuka, na bahari yenyewe imelala kama maziwa bakulini. Mara ya nne, kijana wangu wa mashine alikizima bila hata kusoma. Hapo ndipo nilipoogopa.

Aprili 2021 Kimbunga Jobo kiliisha nguvu kabla ya kufika, watu wakacheka wee! Mei 2024 kikaja Hidaya: barabara ikakatika Somanga, boti za Zanzibar zikasimama. Na hata Jobo haukuwa uongo. Kimbunga kilikuwepo, kikanywea njiani, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) walitangaza kinavyopungua. Hawa wa simuni hawasemi nani katabiri, wala hawafuti tangazo lao likishakosea.

Nyota moja ni ya saa za maji kujaa na kupwa. Hizo hazijanidanganya hata siku moja.