Kebo ya Ukutani Usiifuate kwa Bei: Mwongozo wa Kununua Kebo Barabara ya Luthuli, Nairobi

Mwezi wa Aprili, mvua ikimwagika, shangazi yangu wa Kahawa West alinipigia simu saa nne usiku. "Mwanangu, kamera ya geti imezima tena. Mchana inaona vizuri, giza likiingia inapofuka." Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha kamera mara mbili. Kesho yake nilikata kichwa cha kebo, nikakwaruza uzi mmoja kwa wembe. Rangi nyekundu ilibanduka kama rangi ya kucha, na chini yake kukang'aa weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba.

Mchana kamera ya namna ile hutumia umeme kidogo. Usiku taa zake za infraredi huwaka, nayo huhitaji umeme zaidi. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo mwendo ukiwa mrefu, umeme hupotelea njiani na kamera hujizima. Kebo ya shangazi ilikuwa imezikwa chini ya kabro, yale matofali ya kutandaza uani. Kilichomgharimu hasa ni kung'oa kabro na kuzirudisha.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue kebo gani, mimi huuliza kwanza: hiyo kebo ikiharibika, utaifikia? Ile ya mezani unaichomoa na kutupa. Ile ya ukutani, ya darini au ya chini ya kabro unainunua mara moja. Pesa yako nzuri iende huko.

Kebo za mtandao, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Ya kwanza ni Cat6 ya shaba tupu, isiyo na ngao ya foili. "Cat" ni kifupi cha category, yaani daraja la kebo. Kwa nyumba, ofisi ndogo, saiba, duka au shule ya mtaani, hii inatosha na kusaza. Hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na gigabiti 10 hadi takriban mita 55 ikiwa imefungwa vizuri. Anayejenga leo huko Ruiru au Syokimau sioni sababu ya kuzika kitu kingine ukutani.

Ya pili ni Cat5e ya shaba tupu. Wauzaji wengi huisema vibaya kwa sababu ni ya zamani, lakini nayo hubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Ukiwa na nyumba ya vyumba vitatu na bajeti imebana, chukua Cat5e ya shaba kabla ya Cat6 ya alumini, kila mara. Namba iliyoandikwa kwenye ganda haiwezi kuigeuza alumini ikawa shaba.

Ya tatu ni Cat6A. Ni kebo bora, hubeba gigabiti 10 hadi mita 100 zote. Lakini ni nene, ni ngumu kupinda, na paipu uliyodhani itapitisha kebo nne itapitisha mbili. Inafaa jengo la ofisi au studio inayohamisha video kubwa kutwa nzima. Kwa nyumba ya kuishi, pesa ya nyongeza nunulia swichi nzuri ya mtandao, kile kisanduku cha kugawia kebo.

Cat7 na Cat8 za madukani siziweki popote. Cat7 haimo katika orodha ya viwango vya TIA, chama cha sekta ya mawasiliano cha Marekani, ambavyo mafundi wengi hufuata, na Cat8 ilitengenezwa kwa vyumba vya seva, kwa umbali wa mita 30 hivi. Kuziona zikiuzwa kama kebo za kuchezea gemu nyumbani kunaniuma, kwa sababu wanaozinunua mara nyingi ni vijana waliojinyima.

Mwisho kabisa, na ningependa isinunuliwe kamwe kwa kazi ya ukutani, ni ya alumini iliyopakwa shaba. Kwenye boksi huandikwa CCA kwa herufi ndogo, au haisemwi kabisa. Mbali na kuangusha umeme wa kamera, uzi wake hukatika upesi ukipindwapindwa, na vichwa vyake hulegea na miaka.

Utaitambuaje pale kaunta? Inua boksi. Uzito wa alumini ni chini ya theluthi moja ya uzito wa shaba ya ukubwa uleule, kwa hiyo boksi la mita 305 la alumini utalihisi jepesi mkononi hata ukihesabu plastiki yake. Kisha omba ukatiwe kipande, ukwaruze uzi kwa wembe na utazame ndani. Shaba ni nyekundu mpaka kiini. Muuzaji akikuambia, "Hii ni orijino, bosi, huna haja ya kukwaruza," mshukuru kwa heshima, uende duka linalofuata. Ukielekea River Road maduka hayaishi. Na ukiona boksi linauzwa nusu ya bei ya majirani wote, jibu unalo.

Jambo moja zaidi kuhusu maboksi: mita huandikwa kwenye ganda la kebo lenyewe, hatua kwa hatua. Soma namba ya mwanzo na ya mwisho. Nimewahi kuuziwa boksi la mita 305 lililokuwa na 260 na kidogo, na lilikuwa limefungwa kwa utepe kama jipya.

Kufunga kwenyewe

Hapa ndipo kebo nzuri huharibiwa na haraka. Kebo ya mtandao ina jozi nne zilizosokotwa, na msokoto huo ndio unaozuia kelele, yaani mwingiliano wa umeme, kutoka jozi moja hadi nyingine. Ukifungua msokoto kwenye kichwa, usizidishe milimita 13. Fundi akifungua sentimita tano ili apange rangi kwa raha, mwambie arudie.

Mpangilio wa rangi unaotumiwa zaidi ni 568B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Kuna mafundi wanaopanga rangi kwa mstari wanaoupenda wenyewe, wakisema mradi pande zinafanana itawaka tu. Taa itawaka, ndiyo. Lakini jozi zikichanganyika, kelele huingia na kasi huanguka.

Kuna ishara moja ambayo kila mwenye nyumba angefaa kuijua. Umelipia intaneti ya megabiti 200, unapima kwa kompyuta iliyochomekwa kebo, kipimo kinakwama kwenye 94 au 95 na hakipandi hata usiku wa manane. Mara nyingi kosa halitoki kwa kampuni ya intaneti. Gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, vifaa hushuka vyenyewe hadi megabiti 100 vikitumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, nayo 94 ndiyo hiyo 100 ikishatoa gharama za njiani. Kabla ya kupiga simu kulalamika, bana vichwa vipya. Ikiwa ruta au swichi yako ni ya zamani, angalia pia kama milango yake inafika gigabiti.

Usiivute kebo kwa nguvu kama unamvuta ng'ombe. Kikomo ni kama uzito wa kilo 11. Kona iwe duara, isiwe mkunjo: kwa Cat6 ya kawaida duara la nusu kipenyo cha sentimita 2.5 halina tatizo. Iweke mbali na nyaya za stima, angalau kiganja na nusu zinapokwenda sambamba, na zikikutana zivukane kama msalaba. Kupitisha kebo ya mtandao ndani ya paipu moja na waya wa stima wa volti 240 ni hatari kwa watu wa nyumbani, achilia mbali mtandao.

Mpangaji hawezi kuchimba ukuta, kwa hiyo trankingi ya plastiki (mfereji mwembamba wa kufichia kebo) juu ya fremu za milango ndiyo rafiki. Ya nyumba yako mwenyewe, pitisha kwenye paipu za PVC. Panya wa darini hawachagui kati ya Cat5e na Cat6. Weka pia kamba tupu ndani ya paipu, ili siku ya kuongeza kebo usibomoe.

Nje ni habari nyingine. Kebo ya kijivu ya ndani ikipigwa na jua la Nairobi hupasuka ganda, kisha mvua za Machi hadi Mei humaliza kazi. Nunua ile nyeusi ya nje, yenye ganda la polithini. Ukiunganisha nyumba mbili, kama kubwa na ya nyuma, tumia faiba badala ya shaba. Radi ikipiga karibu, shaba hubeba mshtuko kutoka jengo moja hadi jingine na kuchoma kila kilichochomekwa. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Kuhusu faiba yenyewe: kichwa cha kijani hakichomekwi kwenye tundu la kichwa cha bluu. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari, na ukizilazimisha mwanga hupotea na ncha hukwaruzika. Ukinunua kebo fupi ya kutoka ukutani hadi kifaa cha faiba, beba ile ya zamani mfukoni ulinganishe.

HDMI

Hapa pesa nyingi hupotea bila sababu. Kebo ya HDMI, ile ya kutoka dekoda hadi runinga, hubeba picha na sauti zikiwa namba, yaani kidijitali. Namba zikifika, picha ni ileile, iwe kebo imepakwa dhahabu au haikupakwa. Dhahabu huzuia kutu kwenye kichwa, basi. Picha isipofika utaona vidoa vinavyometameta au skrini kuwa nyeusi kwa sekunde. Haitakuwa na "rangi hafifu" kama muuzaji anavyokueleza.

Usinunue kwa namba za 2.0 au 2.1 zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa hizo ni za vifaa. Kebo hupangwa kwa majina. High Speed hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, inayotosha dekoda na runinga ya 1080. Premium High Speed hufika 18, nayo ndiyo ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Ultra High Speed hufika 48, ya michezo ya 4K kwa fremu 120. Hizi mbili za mwisho huwa na lebo ya kuskani kwa simu. Isipokuwepo, ichukulie kuwa ni High Speed tu, ulipe bei hiyo.

Kwa nyumba nyingi za Nairobi mshindi ni Premium ya mita 2. Ya bei nafuu kabisa inafaa dekoda. Ultra nunua ikiwa una mashine ya gemu na runinga inayoweza kuitumia. Kwa kanisa au ukumbi wenye projekta iliyo mita 15 kutoka meza ya vyombo, usinunue kebo ndefu ya kawaida. Chukua HDMI ya faiba, na uangalie upande upi umeandikwa chanzo na upi skrini, kwa sababu haifanyi kazi ikigeuzwa. Ipime ikiwa sakafuni kabla ya kuipandisha darini.

USB-C

Tangu iPhone 15 ilipokuja na tundu hili mwaka 2023, kila nyumba ina kebo sita za USB-C zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi. Ya kawaida huchaji hadi wati 60. Zaidi ya hapo inahitaji chipu ndani ya kichwa, na wati zake huandikwa: 100 au 240. Nyingi za kuchaji huhamisha data kwa megabiti 480 tu na hazipeleki picha kwenye monita. Ukiwa na laptopu, nunua moja nzuri ya wati 100 au 240 inayosema waziwazi kuwa inabeba video, uifunge utepe mwekundu, watoto wasiibebe kwenda kuchajia simu.

Waya wa woofa na spika

Kata tu shaba nene ya kutosha. Kwa spika ya ohm 8, waya wa milimita mraba 1.5 unatosha hadi takriban mita 14. Kwa ya ohm 4 gawanya umbali kwa mbili, au panda hadi 2.5. Hakikisha alama ya kujumlisha inaenda kwa kujumlisha pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na watu hudhani woofa imeharibika. Waya wa spika za "studio" wenye bei ya kutisha uache dukani.

Kanisani, maikrofoni za mbali zitumie kebo za XLR za nyaya mbili na ngao, kwa sababu kelele zinazoingia njiani hufutwa zikifika kwenye mixa. Ile nung'uniko ya stima inayosikika wakati wa maombi mara nyingi hutoka kwenye kebo ya gitaa iliyorefushwa kufanya kazi isiyo yake.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwombe atoe testa yake mbele yako, apime kila mwisho, taa nane ziwake kwa mfuatano. Aache kama mita moja imekunjwa nyuma ya kila soketi, na aandike kwa kalamu isiyofutika chumba ambacho kila kebo inakwenda. Kwa shangazi nilifanya hivyo kwa kebo zote nne, na kamera ya geti sasa anaitazama kutoka kitandani.