Seti ya Kabari za Kufungia Mtutu wa Gobori la Hawken

Seti hii imekusudiwa fundi anayejijengea gobori la mtindo wa Hawken, ile bunduki nzito ya kushindilia ambayo ndugu Jacob na Samuel Hawken waliitengeneza mjini St. Louis, Missouri, katika karne ya 19, kwa ajili ya wawindaji waliokuwa wakielekea Milima ya Rocky. Pakiti ina kabari mbili bapa za chuma, vishikio viwili vya kuchomekwa chini ya mtutu, vyenye tundu la kupitishia kabari, bamba nne ndogo zenye umbo la yai za kuzungushia tundu la kabari kwenye mbao ya bunduki, na skrubu nane za kuzifungia. Kabari ni nzuri sana, vishikio vinahitaji tupa, na skrubu hazifai.

Kwa anayejiuliza kwa nini asitumie pini nyembamba kama zile za bunduki ndefu za Pennsylvania, jibu liko katika usafishaji. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu na kula chuma, hivyo mtutu hauna budi kuoshwa kwa maji baada ya kila ufyatuaji. Hawken hushikwa nyuma kwa kulabu, na mbele kwa kabari: ukizichomoa, mtutu wote unainuka na kutoka, ilhali pini hugongwa kwa nyundo, na kila zikigongwa hulegeza matundu yake kwenye mbao.

Kabari za seti hii zimenyooka, vichwa vyake vimekamilishwa vizuri, na kila moja ina mwanya katikati unaopitishiwa pini ndogo ndani ya mbao, ili kabari iweze kuvutwa bila kutoka kabisa na kupotea majanini. Watengenezaji wengi wa seti za bei nafuu hawauweki mwanya huo, na mimi nisingenunua kabari isiyo nao.

Kazi halisi iko kwenye vishikio. Kila kimoja huingia katika mfereji unaochongwa kwenye upande wa chini wa mtutu, mpana chini kuliko juu, ili kishikio kikishagongwa kutoka ubavuni kisiweze kung'oka. Mtutu wa pande nane wenye upana wa inchi 15/16 na tundu la risasi la inchi 0.50 una ukuta wa takriban milimita 5.5 tu, na sipendi mfereji uzidi milimita 1.5 katika ukuta huo. Vitako vya vishikio hivi vina milimita 2, kwa hiyo inabidi vipunguzwe kabla ya kuanza kuchonga, jambo ambalo muuzaji angepaswa kulieleza walau kwa sentensi moja. Kwa kona za mfereji, tumia tupa ya pembe tatu iliyosagwa upande mmoja ukawa laini, ili isiendelee kula kina wakati unatafuta upana.

Tundu la kishikio limekatwa sawasawa na upana wa kabari, na hilo linaonekana kama ufundi hadi mbao zinapoanza kunywa unyevu na kukauka huku chuma kikibaki kilivyo, na mtutu nao ukirefuka kwa joto la kufyatua. Kabari iliyobanwa mbele na nyuma huupinda mtutu au huupasua ubao wa mbele, ambao pale ni mwembamba. Ongeza milimita moja au moja na nusu kila mwisho wa tundu, lakini usiguse ukingo wake wa chini, kwa kuwa huo ndio unaokaa dhidi ya kabari na kuuzuia mtutu usiinuke.

Bamba huja zikiwa tambarare, nazo hukunjika kwa urahisi kufuata mviringo wa ubao. Nashauri zichimbiwe nafasi baada ya tundu la mbao kukamilika, kabari yenyewe ikiwa imepita katikati, maana keekee hata ikianzwa pande zote mbili haikosi kupotoka kidogo, na bamba iliyowekwa mapema itaifichua tofauti hiyo.

Skrubu ni za chuma laini mno. Moja ilikatika shingo kwenye mbao ya walnati niliyokuwa nimeitoboa vya kutosha na kuipaka nta. Nunua nyingine mapema, za ukubwa uleule lakini ngumu zaidi, na hizi zitumie kwa kujaribishia matundu kwenye kipande cha mbao kisicho na kazi. Kwa bei ya seti nzima, gharama hiyo ya ziada inavumilika.